Jinsi ya kujenga na kusoma mchoro wa kanda za nishati katika kapasita ya metali, oksidi na silikoni

Wanafunzi ninaokutana nao jioni hapa Moshi, wengi wao wakiwa wa stashahada ya elektroniki na wachache wa shahada, hufika wakiwa wamekariri michoro minne: kanda zilizonyooka, mlundikano, upungufu na mgeuko. Ukiwauliza kwa nini mistari imepinda kwenda chini na si kwenda juu, hunyamaza. Ukiwaondolea silikoni ya aina p, ambayo chaji yake hubebwa zaidi na nafasi zilizoachwa na elektroni, na kuwawekea ya aina n, ambayo chaji yake hubebwa zaidi na elektroni zenyewe, michoro yote minne huporomoka kwa pamoja, kwa sababu ilikuwa imehifadhiwa kama picha, haikuwa imeeleweka kama hesabu. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili yao na kwa yeyote anayejisomea peke yake, na ninachotaka kuonyesha ni kwamba mchoro wa kanda, yaani mchoro wa viwango vya nishati ambavyo elektroni zinaweza kukaa ndani ya mada, hujengwa, haukaririwi, na kwamba ukiujenga kwa mpangilio sahihi mistari yenyewe itakuonyesha mahali pa kupinda.

Kapasita hii ni ya kushughulikiwa kwa uzito kwa sababu ndiyo moyo wa transista zilizomo ndani ya kila simu na kila kompyuta. John Moll aliipendekeza mwaka 1959 kama kapasita ambayo thamani yake hubadilika kwa volti, na mwaka uliofuata Dawon Kahng na Mohamed Atalla wa Bell Labs nchini Marekani wakaitangaza transista iliyojengwa juu ya mpangilio huohuo wa metali, oksidi na silikoni. Anayeielewa kapasita ameshaielewa nusu ya transista kabla hajaifikia.

Hatua ya kwanza: weka namba mezani kabla ya kushika kalamu

Tuchukue kapasita moja tu na tukae nayo hadi mwisho, maana mchoro usio na namba huruhusu kila kosa. Lango letu, yaani metali ya juu inayowekewa volti, ni la alumini. Chini yake kuna oksidi ya silikoni yenye unene wa nanomita 20, na chini ya oksidi kuna silikoni ya aina p iliyotiwa atomi za boroni 10¹⁶ kwa kila sentimita ya ujazo. Idadi hiyo inaonekana kubwa, lakini silikoni yenyewe ina atomi 5 × 10²² katika ujazo huohuo, kwa hiyo tunazungumzia atomi moja ya boroni kati ya atomi milioni tano za silikoni. Joto ni kelvini 300, yaani nyuzi 27 za Selsiasi.

Andika namba hizi pembeni mwa karatasi. Pengo la nishati la silikoni, yaani eneo la nishati ambamo elektroni haiwezi kukaa, ni elektroni-volti 1.12 (elektroni-volti ni nishati ambayo elektroni moja huipata ikipita volti moja), na ukingo wa chini wa ukanda wa upitishaji, ambamo elektroni husafiri huru, tutakaouita Ec, uko elektroni-volti 4.05 chini ya kiwango cha ombwe, yaani kiwango cha nishati cha elektroni iliyokwisha kutoka nje ya mada na kutulia. Pengo la oksidi ni takriban elektroni-volti 9, na ukingo wake wa upitishaji uko takriban 0.9 chini ya ombwe. Nishati ya kung'oa elektroni kutoka kwenye alumini ni takriban 4.1. Pemitiviti ya silikoni, yaani kipimo cha jinsi mada inavyoupunguza uga wa umeme ndani yake, ni mara 11.7 ya ile ya ombwe, na ya oksidi ni mara 3.9. Silikoni safi isiyotiwa kitu ina elektroni takriban 10¹⁰ kwa sentimita ya ujazo katika joto hili, na volti ya joto, yaani nishati ya joto ya elektroni ikiandikwa kwa volti, ambayo itatokea kila mara kwenye hesabu zetu, ni 0.0259.

Hatua ya pili: chora vitu vitatu vikiwa vimetengana

Chora mstari mmoja mrefu wa ombwe juu ya karatasi, kisha ning'iniza kila kitu chini yake kwa kina chake. Upande wa kushoto weka alumini, ambayo inahitaji mstari mmoja tu, mstari wa Fermi, yaani kiwango cha nishati ambacho elektroni zimejaa kufikia hapo, ulio 4.1 chini ya ombwe. Katikati weka oksidi: ukingo wake wa juu 0.9 chini ya ombwe, na ukingo wa chini karibu 9.9. Upande wa kulia weka silikoni: Ec kwenye 4.05, na ukingo wa juu wa ukanda wa valensi, ambamo elektroni zimefungwa kwenye atomi zake, Ev, kwenye 5.17. Katikati ya pengo la silikoni chora mstari wa nukta na uuite Ei. Hapo ndipo Fermi ingekaa kama silikoni ingekuwa safi.

Tazama mchoro huo kwa dakika moja kabla ya kuendelea. Elektroni iliyo kwenye Ec ya silikoni inakabiliwa na ukuta wa 4.05 toa 0.9, yaani elektroni-volti 3.15, kabla haijaweza kupita juu ya oksidi, wakati nishati ya joto inayoisukuma ni 0.0259 tu. Ndiyo maana tunasema hakuna mkondo unaopita kwenye oksidi, na usemi huo mdogo utatufaa sana katika hatua ya nne.

Hatua ya tatu: tafuta mahali pa mstari wa Fermi

Hapa ndipo wengi hupoteza njia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Aliyekulia kwenye vihamba vya Kibosho au Marangu ameona bwawa la mfereji likiwa limejaa alfajiri. Uso wa maji hukaa sawa kabisa, hata kama ardhi inayolizunguka ina mabonde na miinuko. Udongo ulio karibu na uso wa maji hulowa, na ulioinuka juu hukauka, na kadiri unavyopanda ndivyo unyevu unavyopungua kwa kasi. Mstari wa Fermi ni uso wa maji. Ec ni ardhi. Pale Ec inapokaribia mstari wa Fermi elektroni huwa nyingi. Pale inapopanda mbali na mstari huo elektroni hutoweka. Kwa matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni kwenye ukanda wa valensi, hesabu hugeuzwa: huwa mengi pale Ev inapoukaribia mstari wa Fermi kutoka chini.

Kasi ya kupungua huko ina kipimo, na ninawasihi wanafunzi wangu wakishike kuliko fomula yoyote: kila unapousogeza ukingo mbali na Fermi kwa elektroni-volti 0.06, idadi hugawanywa kwa kumi. Namba hiyo hutoka kwenye 0.0259 mara 2.303.

Sasa tuitumie. Kwa kuwa kila atomi ya boroni huacha tundu moja, silikoni yetu ina matundu 10¹⁶ badala ya 10¹⁰ ya silikoni safi, yaani idadi imezidishwa kwa kumi mara sita. Mara sita za 0.06 ni 0.36. Kwa hiyo mstari wa Fermi uko 0.36 chini ya Ei. Hesabu kamili, 0.0259 mara logarithimu asilia ya milioni moja, inatoa 0.358. Hicho ndicho kina cha Fermi. Ukitoka kwenye ombwe, mstari huo uko kwenye 4.05 + 0.56 + 0.358, yaani takriban 4.97. Elektroni nazo zimepungua kwa kiasi hichohicho, kutoka 10¹⁰ hadi 10⁴ tu kwa sentimita ya ujazo. Zihifadhi elektroni hizo elfu kumi akilini, maana baadaye zitatushangaza.

Hatua ya nne: shika kanuni nne ambazo hazivunjwi

Kanuni ya kwanza ni kwamba mstari wa Fermi ndani ya silikoni haupindi, hata volti ikiwekwa. Oksidi haipitishi mkondo, kwa hiyo silikoni iko katika utulivu, na uso wa maji yaliyotulia hauwezi kuwa na mteremko. Kosa la kuupinda ndilo ninaloliona zaidi ya mengine yote, na chanzo chake ni kwamba mwanafunzi huipinda mistari yote kwa pamoja kana kwamba ni hariri moja.

Kanuni ya pili ni kwamba Ec, Ei na Ev hupinda pamoja na hubaki na umbali uleule kati yao, kwa kuwa pengo la silikoni ni mali ya silikoni na halijui habari ya volti.

Ya tatu ni kwamba mpindo ni alama ya chaji. Penye chaji iliyotapakaa mstari hupinda. Pasipo na chaji mstari huwa umenyooka, ama ukiwa mlalo au ukiwa na mteremko. Oksidi safi haina chaji ndani yake, hivyo kingo zake huchorwa kwa rula.

Ya nne inahusu mpaka wa oksidi na silikoni. Mteremko wa kanda ndio uga wa umeme, na pale mpakani uga wa oksidi ni mara tatu ya uga wa silikoni, kwa sababu 11.7 gawanya kwa 3.9 ni 3. Mstari wa oksidi lazima uwe mkali zaidi ya mstari wa silikoni unaokutana nao.

Kwa ajili ya kanuni hizi nilimwomba fundi seremala wa Majengo anichongee ubao wa futi mbili. Nimepigilia misumari miwili na kufunga uzi wa kushonea viatu, umekazwa mpaka unalia ukiugusa. Huo ni Fermi, na mtu akijaribu kuupinda kidole chake kinakatazwa. Juu na chini ya uzi nimetandaza vipande vitatu vya mpira wa ndani wa baiskeli, nikavishona kwenye njiti fupi za mwanzi zilizosimama wima, ili ukiuvuta mmoja yote mitatu iende pamoja kwa umbali uleule. Mwanafunzi anaposhika ncha ya mipira upande wa kushoto na kuivuta chini, huona kwa macho yake Ei ikiuvuka uzi. Nimefundisha kwa chaki kwa miaka mingi, na ninakiri kwamba sijawahi kupata nyenzo iliyofanya kazi vizuri kama ubao huu. Vifaa vyake vinapatikana kwa fundi baiskeli yeyote.

Hatua ya tano: unganisha, kisha nyoosha

Ukiviweka vitu vitatu pamoja na kuunganisha lango na silikoni kwa waya bila betri, mistari miwili ya Fermi lazima ilingane. Wa alumini ulikuwa kwenye 4.1 na wa silikoni kwenye 4.97, tofauti ni 0.87. Elektroni chache huhama kupitia waya kutoka kwenye alumini, ambako nishati yao iko juu, kwenda kwenye silikoni, na kanda za silikoni hupinda kwenda chini karibu na oksidi. Kwa maneno mengine, kapasita hii imeshapinda kabla hujaigusa kwa volti yoyote. Kwa vipimo vyetu, 0.61 ya tofauti hiyo hubebwa na mpindo wa silikoni na 0.26 na mteremko wa oksidi.

Usianzie kuchora hapo. Anza na hali ambayo kanda zimenyooka, kisha ondoka kutoka hapo kwenda kulia au kushoto. Ili kunyoosha, inabidi uweke kwenye lango volti inayofuta tofauti ile, yaani hasi 0.87. Tuiite volti ya kunyoosha. Kuanzia sasa, kila volti utakayopewa ijumlishe na 0.87 kwanza, ili ujue uko mbali kiasi gani na hali hiyo. Hatua hii moja huondoa nusu ya mkanganyiko, kwa sababu vitabu vingi huchora lango la kubuni ambalo halina tofauti yoyote na silikoni, kisha mwanafunzi anapokutana na kapasita ya kweli hushangaa kwa nini sifuri yake si sifuri.

Hatua ya sita: weka volti na uulize chaji iko wapi

Mchoro huu ni wa nishati ya elektroni, na elektroni ni hasi. Kwa hiyo volti chanya kwenye lango huteremsha mstari wa Fermi wa alumini, na volti hasi huupandisha. Umbali kati ya mstari wa Fermi wa alumini na ule wa silikoni ndio volti uliyoweka, na hakuna nyingine. Shusha au pandisha upande wa kushoto kwanza, kisha acha oksidi na silikoni zifuate.

Weka volti iliyo hasi kuliko hasi 0.87. Alumini hupanda, kanda za silikoni karibu na oksidi hupinda kwenda juu, na Ev huukaribia mstari wa Fermi. Kumbuka bwawa: ukingo ukiukaribia uso wa maji, idadi huongezeka. Matundu hupanda kama kiputo cha hewa ndani ya maji na kulundikana mpakani. Kwa kuwa kila 0.06 huyazidisha mara kumi, mpindo mdogo tu unatosha kuleta chaji kubwa, na karibu volti yote ya ziada hubebwa na oksidi. Huu ndio mlundikano, na hauna mengi ya kueleza.

Sasa nenda upande wa pili, polepole. Ukipita hasi 0.87 kuelekea chanya, kanda hupinda kwenda chini, Ev hujitenga na Fermi, na matundu hukimbia mpakani. Kinachobaki ni atomi za boroni, ambazo zimeshika elektroni na kuwa hasi, nazo haziwezi kusogea kwa sababu zimefungwa ndani ya fuwele. Lango likihitaji chaji hasi zaidi ya kulingana nalo, silikoni haina la kufanya ila kuwafukuza matundu walio ndani zaidi na kufunua boroni nyingine. Eneo lililokauka hupanuka, na huu ndio upungufu. Kwa kuwa chaji yake imetapakaa kwa usawa, kanda zake hupinda kwa umbo la parabola: kali mpakani, ikilainika mpaka kunyooka kabisa pale eneo linapoishia. Chora hivyo, usichore kona.

Endelea kusukuma na utaifika sehemu iliyo nzuri kuliko zote katika somo hili. Ei, iliyokuwa 0.358 juu ya Fermi ndani ya silikoni, inateremka pale mpakani mpaka inaugusa mstari wa Fermi. Hapo mpakani elektroni na matundu ni sawa, 10¹⁰ kila upande. Endelea tena. Ei sasa iko chini ya Fermi, na elektroni zimeanza kuwa nyingi kuliko matundu ndani ya silikoni ambayo tuliiita ya aina p. Mpindo ukifika mara mbili ya 0.358, yaani 0.716, Ei mpakani iko chini ya Fermi kwa umbali uleule ambao ndani iko juu yake. Zile elektroni elfu kumi zimekuwa 10¹⁶ kwa sentimita ya ujazo, sawa na matundu yaliyokuwapo mwanzoni, na hakuna atomi hata moja iliyoongezwa. Silikoni imegeuka aina kwa mpindo tu. Huu ndio mgeuko, na volti inayouleta huitwa volti ya kizingiti, neno linalofaa sana, kwa maana ukishavuka kizingiti umeingia chumba kingine.

Baada ya kizingiti eneo kavu huacha kupanuka. Sababu ni ile kanuni ya 0.06: mpindo mdogo wa ziada huongeza elektroni mara kumi, hivyo elektroni za mpakani ndizo zinazojibu kila volti mpya, na boroni za ndani haziitwi tena. Mpindo wa silikoni unakaribia kusimama kwenye 0.716, na kinachoendelea kukua ni mteremko wa oksidi.

Hatua ya saba: hakiki mchoro kwa hesabu

Upana wa juu kabisa wa eneo kavu ni kipeuo cha pili cha: mara mbili ya pemitiviti ya silikoni, mara mpindo wa 0.716, gawanya kwa chaji ya elektroni moja mara idadi ya boroni. Pemitiviti ya silikoni ni 1.036 × 10⁻¹² faradi kwa sentimita. Jibu ni nanomita 304, yaani mara kumi na tano ya unene wa oksidi yetu. Linganisha na mchoro wako. Kama umeichora oksidi nene kuliko eneo kavu, umbo unalolitunza akilini si sahihi.

Chaji ya boroni zilizofunuliwa ni takriban 4.88 × 10⁻⁸ kulombi kwa sentimita ya mraba. Uwezo wa oksidi peke yake ni 3.45 × 10⁻¹³ gawanya kwa 2 × 10⁻⁶, ambao ni takriban nanofaradi 173 kwa sentimita ya mraba. Chaji gawanya kwa uwezo inatoa volti 0.28 zinazobebwa na oksidi. Jumlisha 0.716 na 0.28 na unapata volti 1.0 juu ya volti ya kunyoosha. Kizingiti kwa hiyo kiko kwenye 1.0 toa 0.87, yaani takriban volti 0.13. Pale kwenye sifuri, kapasita yetu ilikuwa tayari imefika karibu na mlango.

Hatua ya nane: soma kanda kwenye mkunjo wa kapasita

Kanda hatuzioni kwa macho. Tunachopima ni uwezo wa kapasita dhidi ya volti, na kila kipande cha mkunjo huo ni hali moja ya kanda. Chukua duara la alumini lenye kipenyo cha milimita 1. Katika mlundikano, matundu yamejaa mpakani, na kinachopimwa ni oksidi tu: pikofaradi 1,360 hivi. Katika upungufu, eneo kavu huwa kama kapasita ya pili iliyounganishwa mfululizo na oksidi, na thamani hushuka kadiri eneo linavyopanuka. Kwenye kizingiti hufika takriban pikofaradi 223.

Baada ya hapo, kinachoonekana hutegemea masafa ya kipimo. Elektroni za mgeuko hazitoki kwenye ghala lolote. Huzaliwa kwa joto ndani ya silikoni, na kuzaliwa huko ni kwa polepole. Ukipima kwa megahezi 1 haziwahi kuitikia, na mkunjo hubaki chini kwenye 223. Ukipima kwa masafa madogo sana huwahi, na mkunjo hupanda kurudi 1,360. Ukiipandisha volti yenyewe haraka mno hata mgeuko hauwahi kuumbika, na eneo kavu hupanuka kupita nanomita 304, hivyo mkunjo huzidi kushuka. Mikunjo hiyo mitatu hutoka kwenye kapasita moja iliyo nzima.

Hapa nieleze lililonipata. Zamani, nikiwa mwanafunzi, nilipima kapasita ya aina hii kwa megahezi 1 na mkunjo wangu ulikataa kubaki chini. Ulipanda upande wa mgeuko, na kila siku kwa kiasi tofauti. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha sampuli, nikaanza kuishuku mashine. Siku ya tatu wingu lilifunika jua, nikaona namba ikishuka mbele ya macho yangu. Kifuniko cha kisanduku cha kupimia kilikuwa wazi upande wa dirisha. Mwanga ulikuwa ukizalisha elektroni na matundu ndani ya silikoni, na elektroni hizo zilikuwa zikifupisha eneo kavu. Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninalouliza mtu akiniletea mkunjo wa ajabu ni kama alipimia gizani.

Katika kusoma mkunjo, fuata mpangilio huu. Kutoka kwenye thamani ya juu pata unene wa oksidi. Kutoka kwenye thamani ya chini ya masafa makubwa pata upana wa eneo kavu, na kutoka hapo idadi ya boroni. Kisha tafuta volti ya kunyoosha, ukikumbuka kwamba haiko pale mkunjo unapoanza kushuka. Kanda zikiwa zimenyooka, silikoni bado huongeza kapasita ndogo mfululizo. Kwa vipimo vyetu jumla huwa asilimia 59 ya thamani ya juu, yaani karibu pikofaradi 805. Tafuta 805 kwenye mhimili wa wima, nenda mlalo mpaka uguse mkunjo, kisha shuka usome volti.

Hatua ya tisa: kama volti ya kunyoosha haikubaliani na hesabu

Tulitarajia hasi 0.87. Ukipata hasi zaidi, kuna chaji chanya ndani ya oksidi. Chaji 10¹¹ kwa sentimita ya mraba zikiwa mpakani na silikoni husogeza mkunjo kwa volti 0.09 kuelekea hasi. 10¹² huusogeza kwa 0.93. Mkunjo mzima ukisogea bila kubadilika umbo, chaji hizo zimetulia. Ukisogea tena baada ya kuipasha sampuli moto huku kukiwa na volti kwenye lango, shuku sodiamu, ambayo ayoni zake hutembea ndani ya oksidi na iliwasumbua sana watengenezaji wa miaka ya 1960. Jasho la kidole linayo ya kutosha, hivyo kipande cha silikoni hushikwa kwa koleo. Mkunjo ukilala na kurefuka badala ya kusogea tu, kasoro ziko pale mpakani kwenye pengo lenyewe, zikijaa na kutoka elektroni kadiri kanda zinavyopinda.

Kwa mazoezi, rudia hatua zote kwa silikoni ya aina n yenye fosforasi 10¹⁶ na lango lilelile la alumini, bila kutazama mchoro wa mtu. Mstari wa Fermi utakuwa 0.358 juu ya Ei, yaani 4.25 chini ya ombwe. Volti ya kunyoosha itatoka hasi 0.15, mgeuko utakuja kwa kupinda kanda kwenda juu, na kizingiti kitakuwa kwenye takriban hasi 1.15. Ukipata chanya, rudi hatua ya sita uangalie ni upande gani uliopandisha alumini.